Mashimo mengi, mafundi wachache: wakuu wa usalama wa mifumo huamuaje cha kuziba?

Tarehe 9 Machi 2017, ndani ya kampuni ya Equifax ya Marekani, barua pepe ilipelekwa kwa watu zaidi ya 400. Ilisema kwamba Apache Struts, programu inayotumika kujenga mifumo ya tovuti, imegundulika kuwa na udhaifu mbaya, na kwamba kila anayesimamia mfumo unaoitumia ausasishe ndani ya saa 48. Equifax hutunza kumbukumbu za mikopo za mamilioni ya watu: nani anadaiwa nini, nani hulipa kwa wakati, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake ya hifadhi ya jamii. Udhaifu huo ulikuwa umetangazwa siku mbili tu kabla, na sasisho la kuuziba lilikuwepo. Kwa kifupi, watu wa usalama wa kampuni ile walifanya kila kinachofundishwa darasani. Waliliona tatizo mapema, wakalipa daraja la juu kabisa, wakaweka na muda wa mwisho.

Tarehe 13 Mei wadukuzi wakaingia kupitia udhaifu uleule. Walikaa humo siku 76. Hadi wanafungiwa njia, walikuwa wameshachota taarifa za watu takriban milioni 147, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa walau dola milioni 575 ili kumalizana na mamlaka.

Mtu akiuliza wakuu wa usalama wa mifumo wanachaguaje matatizo ya kushughulikia, jibu la haraka huwa ni kwamba wanayapanga kwa ukubwa na kuanza na la juu. Equifax walilipanga vizuri na bado wakaumia. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine ndani ya uamuzi huu ambacho orodha haikionyeshi, na ndicho ninachotaka kukifungua hapa.

Ripoti za uchunguzi, pamoja na ile ya kamati ya Bunge la Marekani ya Desemba 2018, zilieleza kilichotokea. Orodha ya waliotumiwa barua pepe ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo waliopaswa kuweka sasisho hawakulipata agizo. Wiki moja baadaye kampuni ilipitisha skana, yaani programu inayopekua mifumo kutafuta udhaifu, ili kuona wapi Struts inatumika; skana ikatafuta mahali pasipo penyewe na ikarudi na jibu kwamba kuko shwari. Mfumo ulioingiliwa ulikuwa ni ule wa wateja kuwasilisha malalamiko, mfumo ambao chimbuko lake ni miaka ya 1970, na kampuni haikuwa na daftari kamili la kuonyesha programu gani inakaa kwenye seva gani na nani anawajibika nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ilipotea kwa siku 76.

Tena kulikuwa na kifaa maalumu cha kuchungulia mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye mfumo huo. Kingewaona wadukuzi mapema. Lakini cheti chake cha dijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, kilikuwa kimeisha muda wake miezi 19 nyuma, kwa hiyo kifaa kilikuwa kimewaka na hakioni kitu. Cheti kilipohuishwa tarehe 29 Julai, mawasiliano ya kutia shaka yakaonekana papo hapo. Vyeti vilivyokuwa vimeisha muda katika kampuni nzima vilizidi 300.

Sasa jiulize: mwezi Januari 2017, kama ungekuwa mkuu wa usalama pale na una orodha ya matatizo mezani, ungeweka nini juu? "Kuhuisha vyeti" kungekuwa ukurasa wa tatu. "Kusahihisha orodha ya barua pepe" kusingekuwamo kabisa. Hayo ni mambo ya karani. Na hayo ndiyo yaliyokuwa na thamani kuliko yote, kwa sababu yalikuwa yamebeba mengine mgongoni.

Kwa nini yote hayazibiki

Msomaji asiye wa fani hii huweza kudhani kwamba kazi ni kuziba mashimo yote, na anayeacha shimo wazi ni mzembe. Hesabu inakataa. Mwaka 2024 peke yake, udhaifu mpya uliosajiliwa kwenye kanzidata ya kimataifa ya CVE ulizidi 40,000. Si wote unaihusu taasisi moja, ila shirika lenye kompyuta elfu mbili, seva mia moja na programu za kununua na za kujitengenezea linaweza kupitisha skana Jumatatu asubuhi na kuletewa mistari elfu kadhaa. Timu ya kuishughulikia ni watu wanne, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Kila sasisho linahitaji kujaribiwa, kwa sababu sasisho lenyewe linaweza kuangusha mfumo wa malipo siku ya mishahara. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba taasisi ya kawaida hufaulu kuziba takriban moja ya kumi ya udhaifu ulio wazi kwa mwezi. Mwezi unaofuata mwingine umeshaongezeka.

Kwa hiyo kinachochaguliwa hasa ni kipi kiachwe. Kiongozi mzuri hujua ameacha nini na kwa nini. Kiongozi dhaifu ameacha vilevile, ila hajui.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila idara hulipitia ni kupanga kwa alama za ukali. Kipimo kinachotumika sana ni CVSS, kinachoupa kila udhaifu alama kutoka 0 hadi 10. Alama 9.8 inatisha, na kwenye skrini inatokea kwa rangi nyekundu. Lakini kipimo hicho, kama kinavyotumiwa na wengi, kinasema tu udhaifu ungekuwa mbaya kiasi gani endapo ungetumiwa. Hakijui kama kuna mhalifu yeyote duniani anayeutumia. Hakijui kama seva yako imefungiwa chumbani bila njia ya kufikiwa kutoka intaneti. Hakijui kama seva hiyo imebeba mishahara ya wafanyakazi wote au menyu ya kantini.

Na ukweli ni kwamba udhaifu mwingi haushambuliwi kamwe. Wataalamu wanaofuatilia jambo hili hukuta kwamba unaowahi kuonekana ukitumiwa na wahalifu haufiki hata moja ya kumi. Ndiyo maana mwezi Novemba 2021 CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mitandao, ulianza kutoa orodha ya aina nyingine: udhaifu ambao tayari kuna ushahidi kwamba unatumiwa. Ilianza ikiwa na takriban 300, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imepita 1,200. Linganisha na jumla ya CVE, ambayo imevuka laki mbili. Orodha hiyo ni ya bure na inasomeka kutoka Kigoma kama inavyosomeka kutoka Washington. Kipo pia kipimo kinachoitwa EPSS, kinachokadiria uwezekano wa udhaifu fulani kutumiwa ndani ya siku 30 zijazo. Ukiniuliza, mkuu wa usalama mwenye watu wawili na bajeti ya kuungaunga aanze na orodha ya CISA kabla hajanunua chombo chochote chenye bei.

Takwimu zinazotisha lakini haziamui

Kuna aina nyingine ya namba ambayo ningependa izoeleke kidogo kuliko ilivyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kupitia kituo chake cha kushughulikia matukio ya kimtandao, hutoa ripoti kila robo mwaka. Kwa Januari hadi Machi 2025 iliripoti kugundua matukio ya tishio zaidi ya bilioni 2.5, kutoka takriban milioni 841 robo iliyotangulia. Magazeti yakabeba namba hiyo kama ilivyo.

Haina makosa, lakini mkuu wa usalama wa hospitali ya Nakuru hawezi kuamua lolote kutokana nayo. Sehemu kubwa ya matukio ya namna hii ni mashine zinazogonga milango ya mashine nyingine usiku kucha bila kuchagua. Tukio moja kati ya hayo, afisa wa fedha anayebofya ankara bandia, linaweza kuwa zito kuliko milioni mia za kugonga milango. Namba kubwa hutumika zaidi kuombea bajeti, na hapo nawaelewa wanaozitumia, kwa sababu bodi nyingi haziamki mpaka zitishwe. Tatizo ni pale kiongozi anapoanza kuziamini yeye mwenyewe.

Jedwali la SACCOS

Tushuke chini kidogo. Chukua SACCOS ya kubuni, yenye wanachama elfu kumi na matawi manne. Afisa wa TEHAMA ni mmoja, na yeye ndiye mkuu wa usalama, fundi wa printa na mwalimu wa mfumo kwa wafanyakazi wapya. Ameandika mistari sita:

Seva ya mfumo wa mikopo ina udhaifu wa alama 9.8. Tovuti ya matangazo ina udhaifu wa alama 7.5. Karani watatu wa tawi moja wanatumia nywila moja kwa sababu leseni za watumiaji hazitoshi. Nakala rudufu zinachukuliwa kila usiku, ila hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha. Akaunti ya afisa mikopo aliyeacha kazi Januari bado iko hai. Na mkaguzi ameagiza kila mtu alazimishwe kubadili nywila kila baada ya siku 90.

Ukipanga kwa alama, seva inakuja kwanza na tovuti ya pili. Yale matatu ya katikati hayana alama kabisa, kwa hiyo hata hayamo kwenye skana. Lakini uliza maswali ambayo meneja wa fedha angeuliza. Tukipoteza, tunapoteza nini, na kwa shilingi ni ngapi? Ni nani hasa angekuja, na angepitia wapi? Kuliondoa kunagharimu nini, na nani ataifanya hiyo kazi?

Akaunti ya aliyeacha kazi inafungwa kwa dakika tano bila gharama, na wizi wa watu wa ndani au waliokuwa wa ndani ni jambo ambalo vyama vya akiba na mikopo vinalijua kwa machungu. Inafungwa leo, kabla ya kikao. Nakala rudufu zinajaribiwa Jumamosi kwa kuzirejesha kwenye kompyuta ya ziada, kwa sababu kama zimeharibika, kila kingine kwenye jedwali kinageuka kuwa cha hatari zaidi: kirusi kimoja cha kudai fidia na daftari la akiba za watu elfu kumi limekwenda.

Nywila ya pamoja ina ugumu wake. Meneja wa tawi atasema wale karani ni waaminifu, mmoja wao ni binti wa mwanachama mwanzilishi, na kazi inakwenda haraka. Hapo mkuu wa usalama asibishane juu ya uaminifu wa mtu. Aulize: "Meneja, fedha za mwanachama zikihamishwa kinyemela saa kumi jioni, utajuaje nani kati ya watatu alikuwa kwenye kiti?" Tuseme leseni mbili za ziada ni shilingi milioni tatu kwa mwaka, na wizi wa namna hiyo ukitokea mara moja kwa miaka mitano unakula milioni arobaini. Hiyo ni wastani wa milioni nane kwa mwaka. Hesabu ni za makadirio, na zinaweza kukosea kwa nusu au kwa maradufu, lakini hata zikikosea kwa nusu bado kununua leseni kunalipa. Makadirio hufanya kazi hiyo tu: kuona kama uamuzi unabadilika tukikosea. Usipobadilika, acha kupiga hesabu, nenda kanunue.

Ile seva ya 9.8? Haifikiwi kutoka nje. Afisa anathibitisha hilo, anapunguza kompyuta zinazoweza kuifikia kwa ndani, na sasisho linasubiri mwisho wa mwezi mfumo unapozimwa kwa matengenezo. Haijapuuzwa. Imepangiwa tarehe. Tovuti ya matangazo, isiyo na taarifa za wanachama, inaachiwa kampuni iliyoitengeneza.

Agizo la mkaguzi ndilo linaloudhi kuliko yote. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu mwaka 2017 inashauri kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila kwa ratiba, kwa sababu wanaishia kuandika Januari2024, kisha Aprili2024. Ila hoja ya mkaguzi isipojibiwa inarudi mwakani ikiwa na mstari mwekundu. Mkuu mwenye busara hujibu kwa barua: tunapendekeza uthibitisho wa hatua mbili badala yake, na sababu ni hizi. Wengi hawajibu. Wanatekeleza tu, kwa sababu kutekeleza kunachukua saa moja na kubishana kunachukua mwezi. Siwalaumu sana. Ni sehemu ya uchaguzi pia: kuna vita ambavyo havistahili muda wako hata kama una haki.

Tatizo ambalo skana haitalileta kamwe

Kwa Mtanzania yeyote mwenye simu, ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii" hauhitaji maelezo. Hakuna udukuzi ndani yake. Mtu anatuma ujumbe kwa namba nyingi, akitumaini mmoja wa wapokeaji alikuwa kweli anataka kumtumia mtu kodi ya nyumba au ada ya mtoto, na kwamba hataangalia mara mbili.

Serikali ililishika tatizo la uhalifu wa simu kwa upande wa utambulisho. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulifanyika nchi nzima, na mwisho wake ulisogezwa kutoka 31 Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, ndipo laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Ujumbe haukukoma. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania bado hutoa takwimu za majaribio ya utapeli kwa mikoa, Rukwa na Morogoro ikitajwa mara kwa mara kuongoza. Usajili ulikuwa na faida zake nyingine, lakini kwa utapeli huu ulitatua swali la "laini hii ni ya nani", wakati tapeli anafanya kazi vizuri tu na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine aliyedanganywa au kulipwa kidogo.

Kwa mkuu wa usalama wa kampuni ya fedha za simu, funzo ni la kiufundi kabisa. Kabla ya kuuliza tatizo ni kubwa kiasi gani, uliza hasara inatokea katika hatua ipi. Kwenye utapeli huu hasara inatokea katika sekunde chache kati ya kuandika namba na kubonyeza kutuma. Kinachosaidia ni kile kinachogusa sekunde hizo: jina la mpokeaji kuonekana kabla ya kuthibitisha, onyo pale namba imesharipotiwa, kuchelewesha kidogo muamala wa kwanza kwenda kwa namba mpya ukiwa mkubwa. Kila kimojawapo kinawakera wateja waaminifu, na mkuu wa biashara atakuja mezani na takwimu za miamala iliyoachwa njiani. Basi uamuzi wa usalama umegeuka kuwa uamuzi wa biashara, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nani ana jina kwenye mstari

Hapa nafika kwenye kitu ambacho nakiona kuwa kizito kuliko vipimo vyote. Tatizo linastahili kutatuliwa pale kuna mtu, mwenye jina na cheo, ambaye asipolitatua litamgharimu. Bila huyo, alama ya juu kiasi gani haisaidii.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kilisambaa kutoka Ukraine kupitia programu ya uhasibu inayotumika sana nchini humo. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, iliyokuwa na ofisi Ukraine, iliangushwa dunia nzima. Ilibidi ijenge upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 ndani ya siku kumi, na hasara yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zinazoshika daftari la watumiaji na haki zao kwenye mtandao zilifutika zote, isipokuwa moja, Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika na kuitoa mtandaoni kabla kirusi hakijafika. Ni mara chache kukatika kwa umeme Afrika kumeokoa kampuni ya Ulaya, lakini siku hiyo kuliokoa.

Jambo linalonihusu hapa lilitokea kabla ya kirusi. Wanahabari waliozungumza na wafanyakazi waliandika mwaka uliofuata kwamba mpango wa kuimarisha usalama ulikuwa umeshapitishwa na fedha zimetengwa. Ila haukuingizwa kwenye vigezo vya kupimia utendaji wa wakubwa wa TEHAMA, vigezo vinavyoamua bonasi zao. Basi ukasubiri. Hakuna aliyeupinga na hakuna aliyeufanya.

Wakuu wenye uzoefu wanalijua hili, na ndiyo maana wengi wao hutumia muda mwingi kwenye rejista ya vihatarishi kuliko kwenye skana. Rejista hiyo, kwenye taasisi nyingi za umma za Tanzania, ni jedwali lenye safu za kihatarishi, chanzo, athari, udhibiti uliopo na mmiliki. Safu ya mmiliki ndiyo inayoleta ubishi. Mfumo wa mikopo ni mali ya mkurugenzi wa mikopo, si ya watu wa TEHAMA. Akisema mfumo usizimwe kwa saa nne ili usasishwe, sawa, ana haki hiyo, lakini aandike na asaini kwamba anakikubali kihatarishi hadi tarehe fulani. Inashangaza ni matatizo mangapi hupata bajeti ndani ya wiki moja, kalamu inapowekwa mbele ya mtu.

Saini hiyo imekuwa na uzito zaidi miaka ya karibuni. Oktoba 2022, Joe Sullivan, aliyekuwa mkuu wa usalama wa Uber, alitiwa hatiani na mahakama ya Marekani kwa kuficha uvujaji wa mwaka 2016 uliogusa taarifa za watu milioni 57. Wadukuzi walikuwa wamelipwa dola 100,000 na jambo likanyamazishwa. Alihukumiwa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza. Kosa lake halikuwa kudukuliwa. Lakini tangu hapo wakuu wengi wamekuwa makini kuhakikisha kwamba uamuzi wa kuacha tatizo wazi haukai kichwani mwao peke yao. Kwa upande wetu, mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa mwaka 2017 uliziagiza benki kuwa na mkuu wa usalama wa taarifa na ukaipa bodi wajibu wa moja kwa moja. Bodi ambayo haijawahi kuonyeshwa orodha ya vilivyoachwa haiwezi kusema imeutimiza.

Kuna hatari upande wa pili pia. Saini ikiwa rahisi mno, rejista inajaa vihatarishi "vilivyokubaliwa" miaka sita iliyopita na mkurugenzi aliyekwisha kustaafu. Kila kukubali kunahitaji tarehe ya kufa. Ikifika, kinarudi mezani kana kwamba ni kipya.

Orodha inapochanwa

Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu kwenye Log4j, kipande kidogo cha programu ya Java ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za matukio. Kilikuwa kimefichika ndani ya maelfu ya bidhaa. Alama yake ilikuwa 10 kamili, na mashambulizi yalianza karibu saa ileile. Mashirika ya serikali kuu ya Marekani yaliagizwa kumaliza kabla ya Krismasi. Hii ilikuwa moja ya nyakati chache ambapo ukali, uwezekano na ufikikaji vyote vilikubaliana, na kila kingine kikawekwa pembeni.

Swali la kwanza la kila bodi wiki ile lilikuwa moja: tunacho? Waliokuwa na daftari la programu zao walijibu siku hiyohiyo au ya pili. Wengine waliendelea kutafuta hadi Februari, wakiwapigia simu wauzaji mmoja baada ya mwingine. Ni Equifax ileile ya 2017, ila safari hii dunia nzima kwa pamoja, na ilionyesha kwa nini wakuu wengine hung'ang'ania kutumia robo mwaka nzima kuhesabu mashine na programu wakati skana inawaka nyekundu. Kwenye kikao cha bajeti huonekana kama wanachezea muda.

Dharura ya namna hiyo ina faida moja ambayo haitajwi sana. Kwa wiki tatu au nne hakuna anayegusa orodha ya kawaida. Watu wanaporudi Januari, wapo wakuu wanaoanza kwa kupitia mistari yote ya zamani na kuuliza kwa kila mmoja: wakati tumeuacha, nani aliuulizia? Wenye mfumo waliopiga simu, mkaguzi aliyekumbusha, mteja aliyelalamika, mstari wao unabaki. Ambao haukuulizwa na yeyote unaangaliwa mara moja zaidi, kwa sababu kimya huweza pia kuwa kama cha kile cheti cha Equifax kilichoisha muda wake bila mtu kujua. Mstari usipokuwa wa aina hiyo, unafutwa.